Apimwe au Aangaliwe? Mjadala wa Mtoto Anayezubaa Darasani

Tuchukue mtoto mmoja wa darasa la tatu hapa Ubaruku, mkoani Mbeya, amekaa dawati la pili kutoka mlangoni. Mwalimu anasoma imla. Katikati ya neno, kalamu inasimama. Macho ya mtoto yako wazi, kope zinacheza kidogo, anaitwa jina haitiki. Sekunde kumi zinapita, kisha kalamu inaendelea pale pale ilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea, na wenzake wameshavuka sentensi nzima. Mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba hana usikivu. Jirani atasema amechezewa. Bibi atakumbusha degedege la utotoni, malaria ilipopanda kichwani. Na siku hizi imeongezeka sauti ya nne, sauti ya watu waliosoma na kutembea: mpelekeni akapimwe mawimbi ya ubongo, au akakalishwe mbele ya kompyuta apimwe umakini, mashine itasema kweli.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, ili anayetaka kunipinga ajue anapinga nini. Kipimo cha mawimbi ya ubongo na kipimo cha umakini cha kompyuta ni vyombo vya maana, kila kimoja kwa swali lake, na vyote viwili hupotosha vikiulizwa swali lisilo lao. Swali lenyewe hutungwa na watu wanaomwona mtoto kila siku, kabla mashine haijawashwa.

MTETEZI WA KIPIMO: Ndugu mwandishi, tangu lini jicho la mwalimu likaona ndani ya fuvu? Watoto wangapi wa nyanda hizi wameitwa wazito, wameitwa wenye mashetani, wamechapwa, kumbe ubongo wao una hitilafu ambayo mashine ingeiona kwa nusu saa? Kubahatisha kumetuumiza vya kutosha.

Katika hili niko upande wake, na sitaki kukubali kwa shingo upande. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme, umeme mdogo kiasi kwamba ukifika juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa sehemu za milioni moja za volti. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, aliurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akakaa na jambo lake miaka mitano akilirudia na kulihakiki, ndipo akalichapisha mwaka 1929. Leo mtoto hubandikwa elektrodi 20 hivi kichwani, kila moja mahali pake palipopimwa kwa utepe, na mashine huchora mistari. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto anapigwa shoti. Hapana. Vile vidude haviingizi kitu chochote kichwani, vinasikiliza tu.

Na kusikiliza huko kumewahi kuwatoa watoto wa kanda yetu kwenye hukumu mbaya. Huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, mahali ambapo mwenye kifafa alitengewa chombo chake cha chakula kwa hofu kwamba ugonjwa unaambukiza. Kati ya wagonjwa wake walikuwamo watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia, huku wako macho. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo iliwakumba watoto wengi kaskazini mwa Uganda, na maelezo ya mizimu na laana za vita yalienea haraka kuliko maelezo ya tabibu. Watafiti walipowapima mawimbi ya ubongo watoto 12 wa huko, 10 walikutwa na mawimbi yasiyo ya kawaida, na wale wachache walioinamisha kichwa huku mashine inachora walionekana wazi kwamba muda ule ule wamo ndani ya kifafa. Jicho lisingeweza kutoa ushahidi huo hata likitazama mwaka mzima.

Turudi kwa mtoto wetu wa imla. Kama kuzubaa kwake ni kile kifafa kisichoangusha mtu, karatasi ya kipimo inaweza kuonyesha mawimbi yenye ncha, matatu kwa kila sekunde, yakianza kwa ghafla pande zote mbili za kichwa na kukoma kwa ghafla vile vile. Jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu linabadilisha dawa. Phenobarbital, ambayo ni rahisi na ndiyo inayopatikana zaidi katika vituo vyetu, haikitibu kifafa cha aina hii. Carbamazepine, inayosaidia wagonjwa wengi wa aina nyingine, inaweza kukizidisha. Kinahitaji ethosuximide, au valproate. Mtoto anaweza kupewa dawa sahihi ya kifafa kisicho chake, akazidi kuzubaa, na watu wakasema dawa za hospitali zimeshindwa. Hapo mashine inastahili nauli yake.

MTETEZI WA KIPIMO: Umeshakubali, basi twende mbele. Kama inaona kifafa, itaona na kukosa utulivu. Wamarekani wameshaidhinisha mashine inayosoma uwiano wa mawimbi na kusema mtoto huyu ana ADHD, yaani ile hali ya kukosa umakini na utulivu. Sisi tunasubiri nini?

Ni kweli kwamba mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho NEBA kitumike kwa watoto wa miaka 6 hadi 17. Lakini kiliruhusiwa kumsaidia daktari ambaye ameshamchunguza mtoto, hakikupewa ruhusa ya kutoa hukumu peke yake. Wazo lake ni hili: mawimbi ya pole yaitwayo theta, ya mizunguko 4 hadi 8 kwa sekunde, yanalinganishwa na ya kasi yaitwayo beta, yanayoanzia kwenye mizunguko 13 hivi; ya pole yakizidi sana, inadhaniwa umakini ni mdogo. Mwaka ule ule wa 2013, Martijn Arns na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwapo wakaona kwamba uwiano huo hauwezi kutegemewa kama kipimo cha kumtambua mwenye ADHD, kwa kuwa hata watoto wasio na shida wanaweza kuwa na uwiano mkubwa. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa mfumo wa fahamu cha Marekani kikawashauri wanachama wake wasiutumie badala ya uchunguzi wa kawaida, kwa sababu wapo watakaoambiwa wana tatizo wasilo nalo. Chombo kilikuwa kile kile na elektrodi zile zile. Kilichobadilika ni swali.

Ugumu wenyewe unaonekana vizuri zaidi safarini kuliko kwenye majarida. Kutoka Ubaruku mpaka Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100. Ili mtoto awahi foleni ya asubuhi, ataamshwa usiku, atapanda bodaboda hadi Rujewa, kisha gari la barabara kuu, huenda bila hata chai. Akifika na kulazwa kwenye kitanda cha chumba tulivu, atafanya nini kama si kusinzia? Na ubongo unaosinzia hutoa mawimbi ya pole kwa wingi, ndivyo ulivyoumbwa. Mashine iliyotumwa kutafuta kifafa itanufaika na usingizi huo. Madaktari wengine huagiza kabisa mtoto akeshe, kwa sababu kusinzia huibua mawimbi ya kifafa yaliyojificha. Mashine iliyotumwa kupima umakini itadanganywa na usingizi ule ule, na mtoto atarudi nyumbani na jina la ugonjwa alilolipata kwenye kiti cha gari.

Tena hata kwa kifafa chenyewe lazima tuseme ukweli wote. Kipimo kimoja cha kawaida hukamata dalili kwa karibu nusu ya wenye kifafa, wakati mwingine chini ya hapo. Karatasi safi haimwondolei mtoto ugonjwa. Na wapo watoto wachache wazima kabisa ambao karatasi zao zina ncha za kutilia shaka. Kubana taya, kupepesa macho, nyaya za umeme wa ukutani zenye mizunguko 50 kwa sekunde, vyote hivyo huacha alama, na anayesoma karatasi lazima ajue kipi ni ubongo na kipi ni kelele. Ndiyo maana mashine bila msomaji aliyefunzwa ni fanicha. Sembuse vile vijimashine vya kushika kiganjani vinavyotembezwa mijini kwa ahadi ya kupima mwili mzima kwa dakika mbili: hivyo havina sauti katika mjadala huu.

MWALIMU: Mimi wimbi silijui, nalijua darasa. Watoto wamejaa, siwezi kumtazama mmoja mmoja. Kompyuta haina chuki, haina mtoto inayempenda, haichoki saa saba mchana. Ikinipa namba, nitajua nani mvivu na nani mgonjwa.

Mwalimu wangu, malalamiko yako ni ya haki, na ushahidi wa Afrika Mashariki unakupa nguvu kuliko unavyodhani. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, timu ya akina Chandy John, Michael Boivin na Paul Bangirana iliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo. Kwa upande wa umakini walitumia kipimo cha kompyuta kiitwacho TOVA. Kwenye kioo kinatokea kisanduku, ndani yake kuna kisanduku kidogo: kikiwa juu, bonyeza, kikiwa chini, tulia. Hakina herufi, tarakimu wala Kiingereza. Nusu ya kwanza kisanduku cha kubonyezea huja mara chache, ili ijulikane kama mtoto atachoka kusubiri. Nusu ya pili huja mfululizo, ili ijulikane kama ataweza kujizuia. Jumla ni dakika 20 na ushei. Katika ripoti zao za mwaka 2007 na 2008, miezi sita baada ya ugonjwa asilimia 21.4 ya waliougua malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, dhidi ya asilimia 5.8 ya watoto wazima wa mitaa yao. Baada ya miaka miwili namba zilikuwa 26.3 na 7.6. Umakini ndio uliokuwa umeumia zaidi: asilimia 18.4 dhidi ya 2.5.

Namba hizi zinapaswa kumnyima usingizi kila anayeishi kati ya majaruba ya mpunga, mahali ambapo maji ya mfereji na mbu ni majirani wa kudumu. Zinasema kwamba mtoto anaweza kuruhusiwa wodini akiwa mzima, akakimbia, akala, akacheza, na bado kuna kitu kilibaki nyuma. Huko Kilifi, Kenya, pia, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na Wellcome Trust walikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kumi waliowahi kuugua malaria ya ubongo alikuja kupata kifafa. Kwa hiyo lile degedege analolikumbuka bibi lina nafasi kwenye jalada la daktari kuliko maneno ya jirani.

Lakini tazama Kampala walivyofanya. Hawakuchukua mtoto mmoja wakambandika namba ya Marekani. Walimlinganisha na watoto wa mtaa ule ule, umri ule ule, ambao nao hawakuwa wamezoea kompyuta, na walichotafuta ni tofauti kati ya makundi. Hiyo ndiyo kazi ambayo kipimo cha kompyuta huifanya kwa heshima. Wewe unataka kitu kingine: unataka namba imhukumu mmoja. Namba haijui kwamba mtoto huyu ndiyo mara yake ya kwanza kushika kitufe, kwamba haoni vizuri kioo, kwamba sikio moja lina usaha, kwamba hakula. Na haiwezi kukutenganishia mvivu na mgonjwa, maana neno uvivu halimo kwenye programu yoyote.

Msimu mpunga unapokomaa, mtoto huyo huyo anaweza kupandishwa kwenye kichanja alfajiri kuamia ndege. Kwelea kwelea hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama wingu, na wingu hilo likitua dakika chache bila kufukuzwa, jaruba zima limeshapata hasara. Anayewalinda anapaswa kukodoa macho kwenye upeo wa mbali, kutofautisha kundi linalopita na kundi linalogeuka, kunyamaza wakati hakuna kitu, na kupiga debe papo hapo wanapoinama. Ukikiangalia vizuri, hicho ni TOVA cha saa nane badala ya dakika 20. Sisemi kwamba kazi hiyo ni nzuri kwa mtoto. Inamtoa shuleni, na anayeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya ndege hana budi kulala kwenye imla. Nasema kwamba mtoto anayeimudu ana umakini, na mtoto anayezimika hata kule, kelele za debe zikikatika katikati na ndege wakashuka mbele ya macho yake yaliyo wazi, ametupa habari kubwa. Wa kwanza tumuulize usingizi, chakula na masomo yake. Wa pili tumkimbizie daktari. Kompyuta ingeweza kuwapa wote wawili alama ile ile.

MZAZI: Naona mnavyozunguka. Watoto wa Ulaya wanapimwa kwa mashine, wa kwetu mnatuambia tuwaangalie kwa macho. Umaskini mnautungia nadharia.

Mama, ningekuwa nasema hivyo ningestahili kuondolewa kwenye mjadala. Huko Ulaya na Marekani mtoto anayeshukiwa kuwa na ADHD hupimwa kwa maswali: kwa wazazi, kwa walimu, kwa mtoto mwenyewe, kuhusu mambo yanayoonekana nyumbani na shuleni pia, kwa miezi. Hakuna kipimo cha damu wala cha mawimbi kinachochukua nafasi ya maswali hayo. Uingereza, mwaka 2024, taasisi ya NICE ilikubali kipimo cha kompyuta kiitwacho QbTest kisaidie kwa umri wa miaka 6 hadi 17, ila kiwe kando ya uchunguzi wa daktari. Ninachokidai kwa mtoto wa Ubaruku ni kile kile wanachopata wao: mtu mwenye ujuzi, mwenye muda, anayeuliza na kusikiliza. Huo si umaskini, na wala si bei rahisi. Muda wa mtu aliyefunzwa ndicho kitu adimu kuliko mashine, na viongozi hupenda zaidi kupiga picha na mashine.

TABIBU WA ZAHANATI: Mimi niulize la mwisho, maana mnabishana juu ya jina la ugonjwa. Nikishaletewa jina, dawa iko wapi?

Hoja hii sina jibu la kuimaliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba inayofaa. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima wenye kifafa hawako kwenye tiba. Na sisi wa nyanda za juu tuna mzigo wetu wa ziada: Mbozi, ambayo siku hizi iko mkoa wa Songwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 830 wa vijiji 13 na kukuta dalili za lava wa tegu la nguruwe katika damu ya asilimia 16.7. Lava hao wakifika kwenye ubongo huleta kifafa. Kinga yake ni choo, ukaguzi wa nyama na kitimoto kilichoiva mpaka ndani. Hakuna elektrodi inayofanya kazi ya choo. Kwa hiyo namwambia yeyote anayepanga bajeti ya kununua kipimo kwa ajili yetu: andika kwenye ukurasa ule ule mshahara wa msomaji wa karatasi, na dawa za aina mbalimbali zitakazofika mpaka zahanati, pamoja na uangalifu wa valproate kwa mabinti wanaokua, kwa kuwa inaweza kudhuru mimba watakayobeba baadaye. Kurasa hizo zikikosekana, tabibu yuko sahihi na mimi sina la kumjibu.

MZAZI: Haya. Kesho asubuhi nifanye nini?

Chukua daftari, mama, na umwombe mwalimu afanye hivyo hivyo. Kila anapozubaa andika saa, andika alikuwa anafanya nini, hesabu sekunde. Je, ukimgusa bega anarudi, au anaendelea kukaa mbali? Anayewaza mambo yake hurudi akiguswa. Kope, midomo, vidole vinacheza? Akizinduka anajua kwamba alikuwa ameondoka? Ameamka saa ngapi siku hiyo? Ukiwa na simu ya kamera, au jirani akiwa nayo, mrekodi. Andika pia degedege la zamani, homa kali zilizomlaza, na kama alichelewa kulia alipozaliwa. Mpeleke akapimwe macho na masikio. Peleka daftari zahanati. Huko tabibu anaweza kumkalisha mtoto mbele yake, akamshikia kipande cha karatasi, akamwambia akipulize kwa nguvu mfululizo kwa dakika tatu. Wengi wenye kile kifafa cha kuzubaa huzimika hapo hapo, katikati ya pumzi, karatasi ikaacha kutikisika. Kazi hiyo aifanye yeye, usiijaribu nyumbani. Akiona hivyo, au daftari likimwambia hivyo, ataandika rufaa yenye swali moja lililo wazi, na popote kipimo kitakapopatikana, Mbeya au Dar es Salaam, msomaji atajua anatafuta nini. Uliza mapema kama wanataka mtoto alale au akeshe. Asubuhi ya safari mnyweshe uji. Kichwa kioshwe kwa sabuni na kisipakwe mafuta, ili vile vidude vishike.